Majani nayo yana saa ya kula: mbolea ya gadeni kwa misimu ya Arusha na Moshi

Ukitaka kuelewa mbolea ya majani ya gadeni bila kukaa darasani, angalia pale mbwa anapokojoa. Wa kwetu hapa Njiro, Arusha, ana kona yake karibu na geti, na baada ya siku tano sita hivi panatokea duara: katikati majani yamekauka kahawia kama yamepigwa pasi, afu pembeni kuna pete ya kijani iliyokolea, majani marefu yamenona kuliko sehemu nyingine yoyote ya uwanja. Mkojo ule ule, mbwa yule yule. Katikati umeua, pembeni umenenepesha. Sasa mkojo una yurea, na yurea ndo ile ile chenga nyeupe tunayopimiwa kwa kilo duka la pembejeo, kwahiyo lile duara limeshakufundisha nusu ya somo, yaani kiasi.

Nusu ya pili ni lini, na hapo ndo wengi tunaharibu. Mi mwenyewe niliharibu vizuri tu. Tulihamia hii nyumba mwezi wa kwanza, majani yamekaa kinjano njano, nikaenda dukani nikamuuliza kijana, akanijibu "weka yurea dada, yatakaa sawa yenyewe", nikabeba kilo tatu. Uwanja ni kama mita nane kwa kumi. Nikamwaga kwa mkono saa nne asubuhi, jua la Januari unalijua, nikasema jioni nitamwagilia, jioni maji hayakutoka, kesho hayakutoka, yametoka siku ya tatu. Wiki iliyofuata uwanja ulikuwa na michirizi ya kahawia inayofuata kabisa mkono wangu ulivyokuwa unarusha, ungeweza kuhesabu hatua zangu kuanzia geti mpaka barazani. Shemeji alikuja akauliza kama tumemwaga dizeli.

Kilichotokea si uchawi. Chukua kitunguu cha kachumbari, katakata, nyunyizia chumvi, subiri dakika kumi: maji yote yametoka yamejaa chini ya bakuli na kitunguu kimelegea. Mbolea ya dukani nayo ni kama chumvi kwa namna hiyo, ikiwa nyingi na udongo mkavu, badala ya mzizi kunyonya maji ndo mzizi unanyonywa. Na ile iliyobaki juu ya udongo bila maji ya kuizamisha inageuka gesi ya amonia inapeperuka, ile harufu kali ya banda la kuku, kwahiyo hela nyingine ilipanda hewani na nyingine ikaunguza. Nilipopiga hesabu baadaye nikakuta uwanja ule ulihitaji kilo moja kasoro, mi nimeweka tatu.

Sasa hiyo "lini". Mtu akiingia kwenye simu kutafuta ratiba ya mbolea ya majani anakutana na ratiba za Marekani na Uingereza: weka masika yao, weka sana mwezi wa tisa, punguza kiangazi chao. Zimeandikwa vizuri na ni kweli, kwa huko. Kule kaskazini wanapanda majani ya baridi, kama Kentucky bluegrass, yanayopenda nyuzi joto 15 mpaka 24, kwahiyo joto kali la Julai yanadorora na Septemba hali ya hewa ikipoa yanachangamka tena, ndo maana wanayalisha Septemba ili yajaze mizizi kabla theluji haijaja. Wa majimbo ya kusini wenye bermuda wao wanalisha kuanzia Mei mpaka Agosti, kipindi cha joto. Ukiangalia vizuri kanuni ni moja tu kwa wote: unalisha majani yanapokuwa yanakua, hulishi yakiwa yamelala. Kinachoyalaza kule ni baridi au joto. Huku kwetu mara nyingi kinachoyalaza ni ukame, na baridi ya kipupwe inasaidia kidogo. Kwahiyo ukinakili tarehe zao bila kunakili sababu zao utajikuta unalisha Septemba, mwezi ambao Arusha ni vumbi tupu na mgao.

Na majani tuliyonayo hayana hata undugu wa karibu na hayo ya baridi ya kaskazini kwao. Tuna ukoka, ndo huo wanaouita bermuda, wenye majani membamba na unaotambaa mpaka unaingia kwenye vitanda vya mboga. Tuna kikuyu, mnene, laini, ukikanyaga unadunda kama godoro. Na kuna yale ya majani mapana, wengine wanayaita Pemba, yanayovumilia kivuli cha mwembe kuliko wenzake. Yote ni majani ya joto, mengi raha yake ni nyuzi 27 kwenda juu mpaka 35 hivi. Kikuyu peke yake ndo anapenda milima, asili yake ni hizi hizi nyanda za juu za Afrika Mashariki, jina limetoka kwa Wakikuyu wa Kenya, na leo Waaustralia na watu wa California wanamkata kwa mashine na wengine wanamlaani kama gugu. Yaani sisi tunasoma ratiba ya mgeni kulisha majani ambayo mgeni aliyachukua kwetu!

Basi tupite na mwaka wetu.

Masika yanaanza katikati ya mwezi wa tatu, Aprili ndo yanamwaga haswa, Mei yanaisha. Watu wengi wanaweka mbolea Aprili kwa sababu ndo mvua ipo, na wanakosea kwa wiki tatu nne. Mlo mkubwa wa kwanza wa mwaka unawekwa mwishoni mwa Machi, baada ya mvua mbili tatu za maana, udongo umeshalowa lakini haujafurika. Kipimo changu ni bisibisi ndefu ya kawaida: chomeka uwanjani, ikizama yote kwa kusukuma kwa kiganja tu basi unyevu umefika mizizini, ikigoma katikati subiri. Mvua moja ya jioni iliyotimua vumbi na kunukisha udongo haihesabiki, hiyo imelowesha sentimita mbili tu na ukiingia nayo na mbolea unarudia kosa langu la Januari.

Aprili yenyewe acha. Naitrojeni, yaani kile chakula cha majani kilichomo kwenye yurea, ikishageuka naitreti haishikwi na udongo, inatembea na maji, na mvua ya Aprili inaishusha chini kuliko mizizi ilipo au inaisukuma mtaroni, hapa kwetu ikitoka mtaroni safari yake ni mto Themi. Na kuna jambo linalochanganya watu: katikati ya Aprili majani yanaweza kuwa ya njano wakati maji yamejaa, mtu anadhani njaa anaongeza yurea. Mara nyingi siyo njaa. Udongo umejaa maji, hewa imetoka, mizizi haipumui, na vijidudu vya udongoni vikikosa hewa vinaanza kutumia oksijeni iliyoko ndani ya naitreti, naitrojeni inaondoka kama gesi. Hapo dawa ni kufungulia maji njia, chimba kamtaro, toboa toboa kwa uma wa bustani, jua likiwaka siku nne rangi inarudi yenyewe.

Mwishoni mwa Mei, mvua zikianza kuwa za kuhesabu, hapo unaweka mlo wa pili, mwepesi, na huu nataka uwe na potasiamu siyo naitrojeni peke yake. Naitrojeni inatengeneza majani, potasiamu inasaidia mmea kutawala maji yake na kuvumilia shida, na shida inakuja: baridi halafu ukame. Ukiyashindilia yurea tupu mwishoni mwa Mei yatatoka majani mengi mororo yenye maji maji ambayo hayana wa kuyahudumia mwezi wa saba.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, Arusha na Moshi zinaachana njia. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Julai asubuhi unavaa sweta na kofia, jua halionekani mpaka saa tano, na majani yanasinzia hata ukiyamwagilia kila siku. Kuyalisha wakati huo ni kumlisha mtu aliyelala. Moshi mjini iko chini sana, mita 800 na ushee, joto lake halishuki hivyo, kwahiyo dada yangu aliyeko Soweto, Moshi, mwenye kisima, anaweka nusu mlo Julai na ukoka wake unaitikia. Mi nikiweka tarehe ile ile hapa Njiro hakuna kinachotokea. Tuligombana sana kwenye simu kuhusu hili kabla hatujakaa tukakumbuka kwamba kati yetu kuna karibu mita 600 za kimo. Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho unarudi kwenye sweta tena, kwahiyo hata ndani ya Moshi ratiba hazifanani.

Septemba na Oktoba joto linapanda, majani yanataka kuamka, maji hakuna. Hapa inategemea mfuko wako na bomba lako. Kama una maji ya uhakika ya kuzamisha mara mbili kwa wiki weka kidogo sana, robo ya mlo. Kama huna, acha yawe kahawia, ukoka na kikuyu haufi kwa kukauka juu, vikonyo vya chini vinalala vinasubiri. Mtu anayelisha majani makavu Oktoba bila maji anayaamsha asubuhi halafu anayanyima chai.

Vuli, Novemba na Desemba, ndo mlo mkubwa wa pili wa mwaka. Joto lipo, mvua zipo lakini za mapumziko mapumziko, majani yanakua kwa fujo. Tatizo la vuli ni uongo, miaka mingine inanyesha mara mbili inakwenda zake, kwahiyo usifuate tarehe, fuata bisibisi. Na ugawe: nusu mvua zikishika, nusu nyingine wiki nne baadaye kama bado zinaendelea. Januari na Februari, isipokuwa kama una springla na tanki linalojaa, funga mfuko kabisa.

Kiasi sasa. Namba kwenye mfuko ni asilimia ya uzito, ya kwanza daima ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu, hizi mbili zikihesabiwa pamoja na oksijeni iliyoshikamana nazo. Yurea ni 46 ya naitrojeni. CAN, yaani naitreti ya amonia na kalsiamu, ni 26 au 27. SA, yaani salfeti ya amonia, ni 21 na ina salfa 24 juu yake. NPK ya 17-17-17 kila kitu sawa. DAP, yaani fosfeti ya diamonia, ni 18 ya naitrojeni na 46 ya fosforasi. Mlo kamili wa majani ni nusu kilo ya naitrojeni halisi kwa uwanja wa mita kumi kwa kumi. Hiyo ni yurea kilo moja na kidogo tu, au CAN kilo mbili kasoro, au SA kilo mbili na nusu kasoro, au NPK kilo tatu. Ukiona kilo moja kwa uwanja mzima ni kama mzaha, rudi kaangalie pale kwa mbwa. Kama ndo mara yako ya kwanza anza na nusu ya hapo.

Kumwaga pia kuna namna yake, kwa sababu mkono wa binadamu hauna usawa. Changanya na mchanga mkavu kwenye ndoo, mchanga mara tatu au nne ya mbolea, gawa mafungu mawili, fungu la kwanza tembea ukitoka geti kwenda nyumba, la pili tembea kukata njia, kutoka ukuta huu kwenda ule. Majani yawe makavu, udongo uwe umelowa: chenga ikikuta jani lina umande inagandia pale pale na kuliunguza, ikikuta jani kavu inateleza mpaka chini. Halafu maji saa hiyo hiyo, siyo baadaye. Au bora zaidi mwaga saa kumi jioni ukiona wingu limejikusanya huku Meru na radi imeanza, nimefanya hivyo mara tatu na mara moja wingu likanidanganya nikabaki nakimbizana na mpira wa maji gizani.

Kwa yurea hii ya kumwaga haraka na kuzamisha ni lazima. CAN inasamehe zaidi, haipotei hewani kirahisi, ndo maana mi siku hizi nanunua CAN japo naitrojeni yake kwa kilo inakuja ghali. Kingine, CAN ina chokaa ndani, SA inaongeza uchachu kwenye udongo, kwahiyo wanaoishi juu kwenye mvua nyingi na udongo ambao tayari ni mchachu wakae na CAN, na wa tambarare kavu, ambako udongo na maji ya visima yana magadi, SA inawafaa.

Hao wa magadi wana ugonjwa wao mwingine. Majani yanakuwa njano, wanaweka yurea, yanakua kweli lakini yanabaki njano. Inama uangalie kwa karibu. Njaa ya naitrojeni inaanza kwenye majani ya zamani, ya chini, yanapauka yote mazima kwa sababu mmea unayanyang'anya ili kulisha machipukizi. Ikiwa ni machipukizi ndo ya njano, na ukiinua jani moja kwenye mwanga unaona mistari ya mishipa imebaki kijani, huo ni upungufu wa madini ya chuma, chuma kipo udongoni ila magadi yameifungia. Yurea haitibu hiyo hata uweke mfuko mzima.

Fosforasi nitapita haraka. Udongo wetu mwingi huku ni majivu ya volkano, Meru ilitema majivu mara ya mwisho 1910, na udongo wa aina hii una tabia ya kuikamata fosforasi haiiachii. Kwahiyo kumwaga DAP juu ya majani yaliyokwisha shika, kila msimu, ni hela imekaa juu juu haijafika popote. Fosforasi inafanya kazi ukiichanganya na udongo siku unapanda, karibu na mizizi. Ile ya Minjingu inayochimbwa hapo njia ya Babati, unga wake wa mwamba wa kawaida unayeyuka polepole na unataka udongo mchachu, kwenye magadi unakaa kama jiwe lilivyo. Ukitaka kujua kwa hakika udongo wako una nini, pima kabla ya kununua, maabara zipo, chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro wanayo na kituo cha utafiti cha Mlingano kule Tanga kazi yake ndo udongo.

Sasa kuna mbolea ambayo watu wa Arusha na Moshi tunaitoa nje ya geti kila wiki mbili bila kujua. Jirani yangu ana ng'ombe wawili wa ndani, na kijana akishakata majani yetu anakuja na kiroba anazoa yote mpaka ya pembeni ya maua. Nilikuwa naona ananisaidia usafi. Kumbe ukikata na kuacha vipande vidogo vidogo vianguke palepale vinaoza na kurudisha sehemu kubwa ya naitrojeni, unaweza kupunguza mbolea ya dukani kwa robo au zaidi. Ila kumnyima jirani majani ya ng'ombe huku kwetu ni kutafuta maneno, kwahiyo tumekubaliana: masika, majani yakiwa marefu na mengi, anachukua yeye, kiangazi na vuli yanabaki. Na yeye analeta samadi ya mwaka jana, iliyokwisha kuwa nyeusi, haina harufu, ukiifinya inavunjika kama udongo. Naichekecha kwa wavu wa kuchekechea mchanga, natandaza unene wa kidole kidogo tu Juni mwanzoni, inakaa pale kipupwe chote ikifanya kazi polepole. Samadi mbichi usiweke, ina mbegu za kila gugu alilokula huyo ng'ombe, na ya kuku ikiwa mbichi inaunguza sawa na yurea.

Jambo moja kwenye mkataba wetu nimelisisitiza mpaka nikaonekana mkorofi: nikiweka mbolea, kiroba hakiingii getini wiki tatu mpaka nne. Ng'ombe akilamba chenga za yurea anaweza kufa, na majani yaliyotoka kushiba naitrojeni, kikuyu hasa, yanaweza kubeba naitreti nyingi ya kumdhuru. Bibi wa jirani aliniambia "mwanangu, majani ni majani", nikamwambia shikamoo tena bibi, lakini geti likabaki limefungwa.

Moshi wana kishawishi cha peke yao, maganda ya kahawa, yanapatikana kwa bei ya kubeba tu. Dada aliyatandaza mabichi mwaka jana na uwanja ukawa mwembamba kuliko kabla. Maganda, kama pumba za mbao, yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, vijidudu vinavyoyaozesha vinaazima naitrojeni ya udongoni, majani yanabaki na njaa mpaka kazi iishe. Safari hii kayachanganya na samadi, kayamwagia maji, kafunika na turubai nyuma ya banda, atayafungua Novemba.

Mi kilo zangu mbili za CAN zilizobaki nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili nikaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya matofali stoo, kwa sababu inanyonya unyevu hata wa hewani. Ile ya mwaka juzi niliiacha sakafuni, nikaja kuikuta jiwe, nikaivunja kwa nyundo, na kipande kimoja kikubwa kikadondoka karibu na geti bila mimi kukiona. Sasa tuna maduara mawili, na mbwa anasingiziwa yote.